Kufuli Moja kwa Wafanyakazi Wanane

Jumanne, tarehe 13 Oktoba 2009, saa nne ya asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya kiti katika ofisi ya kutafuta watu, mtaa wa Dilala, nikiipepea kompyuta kwa ungo. Ungo huo nilikuwa nimeuazima jikoni kwa watawa. Ulikuwa bado na unga wa muhogo kwenye misuko yake, na kila nilipoupunga, chembe nyeupe zilinishukia kichwani. Mwezi wa kumi, hapa Kolwezi, joto hukaa juu ya mabati likingojea mvua, na feni ya kompyuta ile ilikuwa imekufa Jumapili, siku ya mapumziko, kama Mkristo mwema.

Kompyuta yenyewe tuliirithi. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka uliotangulia, kampuni ya kigeni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilifunga ofisi zake ndani ya wiki moja. Wakubwa walipanda ndege, nasi tukabaki na barua za kuachishwa kazi zilizoandikwa kwa heshima kubwa mno. Vitu vilivyokuwa vizito kubebwa waliviachia parokia: kofia ngumu za njano, mti wa Noeli wa plastiki mrefu kuliko nyumba yetu, na kompyuta moja yenye vichwa vinane vya kufanyia kazi. Kofia ziligawanywa kwa wanakwaya. Mti uliingizwa sakristia, na hadi leo hakuna anayekumbuka uliingiaje, kwa sababu haukukubali tena kutoka. Kwa ajili ya kompyuta waliniita mimi, niliyesomea mambo hayo chuo kikuu Lubumbashi na ambaye sasa nilikuwa na nafasi tele.

Siku hizo watu wetu walikuwa wakifukuzwa Angola. Walivuka mpaka karibu na Dilolo, wengine kwa miguu, wengine kwa malori, mume katika lori hili na mke katika lori lile, wakaandikishwa katika vituo mbalimbali, kila mtu na fiche yake, yaani kadi ya maelezo yake. Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kulinganisha fiche za wanaotafuta na fiche za wanaotafutwa. Majina hayakutufaa sana, maana njiani watu walikuwa wametaja jina lolote lililoonekana halina hatari. Kwa hiyo programu niliyoiandika ilitazama mambo mengine: umri, kijiji cha kuzaliwa, idadi ya watoto, makovu, picha kama ipo, na kitu ambacho mtu alikibeba alipofukuzwa. Safu hiyo ya mwisho niliipenda kuliko zote. Mtu akipewa robo saa ya kuondoka, hubeba vitu vya ajabu. Mmoja alikuwa ameokoa kichwa cha cherehani bila meza yake. Mwingine aliokoa meza.

Nikiwa bado juu ya kiti, akaingia mwanamume wa miaka kama arobaini, mabega mapana, suruali fupi kuliko miguu yake. Alisimama akatazama ungo, akatazama kompyuta.

“Mama, iko na homa?”

“Iko na joto, tata,” nilimjibu, maana huku kila mwanamume mzima huitwa tata, yaani baba.

“Basi muipatie dawa, kinini.”

Alikuwa mzaliwa wa Musonoi, mtaa wa wachimbaji hapahapa Kolwezi. Kampuni kubwa ya zamani, ile ya serikali ya kuchimba shaba, ilipoporomoka alienda kuchimba kwa mikono katika machimbo ya Mutoshi, na Mutoshi ilipomchosha alienda kutafuta almasi Angola. Almasi hakuipata, alipata mke, mwanamke wa asili ya Kasai, na waliishi miaka sita kabla ya askari kuja. Wanaume walipakiwa kwanza. Tangu siku hiyo hakumwona tena mkewe. Habari iliyomleta kwetu ilikuwa hii: Jumamosi asubuhi, malori yangeondoka katika vituo vyote vya mpakani kuwapeleka watu wa Kasai kwao. Mkewe akipanda, atakuwa amekwenda kwenye nchi ambayo tata hana ndugu, hana njia, hana namba ya simu. Kijiji cha mkewe alikijua kwa jina tu, na alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba vijiji vyenye jina hilo ni vitatu.

“Leo ni siku ya mbili,” alisema, akimaanisha Jumanne. “Mi nangojea hapa.” Akaketi.

Nilianza kwa kumtafutia yeye peke yake. Haikuchukua muda, kompyuta ilitoa wanawake arobaini na mmoja. Nilimsomea orodha. Aliisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

“Hawa bote?” aliuliza. “Mama, mi niko na nguvu ya mumoja. Na ule mumoja ananishindaka.”

Nilimweleza kwamba wengi kati ya hao lazima walikuwa wake za wanaume wengine waliokuwa wakitafuta kama yeye, na kwamba njia ya kuwaondoa ni moja tu: kulinganisha fiche zote za wanaotafuta na fiche zote za wanaotafutwa, ili kila mke aende kwa mume anayemfaa zaidi, na kwa tata abaki wa kwake. Alikubali kwamba mpango huo ni wa haki, ingawa aliuliza kama mashini inaweza kuanza na watu wa Musonoi. Mtawa aliyekuwa mkuu wa ofisi, Mluba wa kaskazini aliyetembea kwa viatu vya mpira ili asisikike akija, alijibu kutoka nyuma yetu kwamba haiwezi.

Hesabu ilikuwa hivi. Mfanyakazi mmoja wa ndani ya programu, yaani uzi mmoja wa kazi unaotumia kichwa kimoja cha kompyuta, angemaliza kazi yote kwa siku tisa. Lakini sisi tulikuwa na vichwa vinane. Niliwasha wafanyakazi wanane pamoja, nikaacha wakimbie saa moja, nikapiga hesabu upya. Siku kumi na moja.

Nilirudia hesabu kwenye karatasi, kisha kwenye karatasi nyingine, ya mtawa, kwa kuwa niliishuku ya kwanza.

“Mumoja, tisa,” alisema tata. “Munane, kumi na moja.”

“Ndivyo, tata.”

“Hii ni kampuni kabisa. Mi nimetumika mule. Tulikuwa munane pa pompe moja ya maji.”

Mchana huo niliacha kupepea, nikamkabidhi tata ungo, nikaanza kuchungulia ndani. Nilikuwa na chombo kidogo cha kupimia kilichoweza kuniambia, kwa kila punje ya sekunde, kila mfanyakazi yuko wapi na anafanya nini. Nilipima mara mia. Karibu kila mara jibu lilikuwa lilelile: mmoja anafanya kazi, saba wamesimama mlangoni pa kiini cha mfumo endeshi wakingoja kufuli.

Hapa lazima nieleze kitu, na nitaeleza mara moja tu. Programu ikiomba kumbukumbu, kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayogawa kila kitu, hakitoi kumbukumbu. Kinatoa ahadi. Kinachora mstari kwenye ramani ya programu: kutoka hapa hadi pale ni pako. Ni pale programu inapogusa mahali hapo kwa mara ya kwanza na kukuta ukurasa haupo, ndipo inaposimamishwa, kiini kikasoma ramani, kikatafuta ukurasa, kikausafisha, kikaukabidhi. Kukosekana huko kwa ukurasa si kosa la mtu. Ni mwendo wa kila siku, na hutokea mara nyingi kuliko salamu sokoni. Shida ni ramani. Wafanyakazi wanane wa programu moja wana ramani moja, na ramani ina kufuli moja. Wanaotaka kuisoma tu wanaweza kuisoma pamoja. Anayetaka kuchora mstari au kuufuta lazima awe peke yake, na wengine wote wangoje nje, hata kama mstari wake uko pembe ya mbali kabisa isiyowahusu.

Na wafanyakazi wangu walikuwa wakichora na kufuta kutwa kucha. Kwa kila jozi ya fiche, mfanyakazi aliomba karatasi pana ya kumbukumbu, akaijaza alama zake, akairudisha kwa kiini. Kisha akaomba nyingine.

Kesho yake asubuhi tata alifika kabla yangu, akiwa amekwisha kuanza kupepea. Nilimweleza yote hayo, si kwa kuwa nilitarajia msaada, bali kwa kuwa mtu anayepepea mashini ya mwenzake ana haki ya kujua inaumwa nini. Alisikiliza, ungo ukienda na kurudi.

“Ule mwenye kumaliza,” alisema, “anarudisha karatasi?”

“Anarudisha.”

“Juu ya nini?”

“Kwa sababu si yake. Ameiazima.”

“Na kisha anaomba ingine. Palepale.”

“Palepale.”

“Sawasawa na ile ya kwanza.”

“Ndiyo, tata. Sawasawa.”

Ungo ulisimama. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepotelewa na mtu.

“Mama, baba yako alikuwa magasinier?”

Alikuwa magasinier, mtunza vifaa wa ile kampuni kubwa, miaka ishirini na tisa nyuma ya dirisha lenye nondo, na daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Sikuwahi kumwambia tata jambo hilo. Nyumbani kwetu Dilala sheria za ghala zilitufuata hadi mezani. Kitu kikitumika kinaoshwa, kinapanguswa, kinarudishwa mahali pake. Mgeni aliyetaka chai ya pili alirudisha kwanza kikombe cha chai ya kwanza; mama alikiosha, akakipanga kabatini, akafunga kabati, akalifungua, akakitoa. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipokunywa kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa rafiki, vikombe viwili mfululizo bila kusimama, na nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kwamba itaonekana usoni.

“Umejuaje?” nilimuuliza.

“Batoto ba magasinier tu njo banarudishaka. Kule Mutoshi, mutu akipata nyundo, anailalia mupaka kazi inaisha. Ukirudisha, utakuta batu makumi iko mbele yako.” Akaendelea kupepea. “Kama ule mutumikaji ako na karatasi, ashikie ile. Afute, aandike tena. Anaogopa nini?”

Niliketi mbele ya kompyuta kwa muda mrefu. Kilichohitajika kilikuwa kidogo mno: kila mfanyakazi achukue karatasi yake mara moja, asubuhi, aguse kila ukurasa wake kabla ya kuanza kazi, ili kukosekana kote kutokee mwanzoni na kuishe, na asiirudishe mpaka amemaliza fiche zote. Ramani ingekaa kimya. Hakuna wa kuchora, hakuna wa kufuta, hakuna wa kungojwa. Nilipaswa kufuta mstari mmoja wa msimbo, ule wa kurudisha. Kidole kiligoma. Niliufuta, nikaurudisha, nikaufuta. Mwisho nilikwenda kumwuliza mtawa kama kushika kumbukumbu ambayo mtu angeweza kuirudisha ni wizi.

Alivua miwani.

“Mwenye nayo ameiitaji?”

“Hapana, Ma soeur. Hajaihitaji.”

“Mutu mwingine ameikosa?”

“Hapana. Iko nyingi.”

“Basi enda utumike. Na ukitaka kuungama zambi, kesho kuja na moja yenye kueleweka.”

Nikafuta mstari. Nilijaribu kwanza kwa sehemu ndogo ya fiche, na wafanyakazi wanane walikimbia kana kwamba kengele ya kutoka kazini imelia. Niliita watu waje waone. Kabla ya saa sita kompyuta ilikuwa imemtafutia tata mke. Nilifungua picha kwa fahari.

Alikuwa seremala wa miaka sitini na miwili, mwenye sharubu na watoto kumi na mmoja.

Tata aliisogelea picha. Aliitazama kwa makini, kwa uadilifu kabisa, kama mtu asiyetaka kumhukumu mwenzake kwa haraka.

“Hapana,” alisema. “Hata siku nililewa sana, hapana.”

“Uko hakika?” aliuliza mtawa, ambaye hakucheka, lakini viatu vyake vya mpira vilisikika kwa mara ya kwanza.

Kosa lilikuwa langu na niliona aibu nilipolitambua. Kiini, kila kinapotoa ukurasa mpya, huutoa ukiwa safi, umefutwa wote. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipokea karatasi safi bila kushukuru. Sasa wafanyakazi wangu walikuwa wameshika karatasi zao za zamani na kuandika juu ya maandishi ya zamani, na alama za seremala, aliyekuwa akitafutwa na shemeji yake, zilibaki chini ya fiche ya tata. Nilikuwa nimejifunza kutorudisha kikombe, nikasahau kukiosha. Tata alikuwa ameniambia waziwazi: afute, aandike tena. Nilikuwa nimesikia nusu tu, ile iliyonitia hofu.

Niliongeza kufuta. Alhamisi saa mbili asubuhi niliwasha kazi nzima. Mtawa aliagiza jenereta ya parokia isizimwe, na mazoezi ya kwaya yakahamishiwa mbali na mlio wake. Tulipepea kwa zamu. Wanakwaya nao walikuja kupepea, wakiwa na kofia zao za njano, kwa hiyo mtu aliyepita nje angeweza kudhani tunachimba.

Ijumaa saa tano asubuhi kazi iliisha. Saa ishirini na saba. Nilitafuta fiche ya tata, na mbele yake palikuwa na mwanamke mmoja, kituo cha Dilolo, aliyejiandikisha kwa jina la nyanya yake. Kovu kwenye kiwiko cha kushoto. Mtoto hana. Kitu alichobeba: mlango.

“Mlango?” nilisoma mara mbili. “Tata, kwenye fiche yako uliandika kwamba alibeba sufuria.”

Aliangalia sakafu. “Nilimuona toka juu ya kamiyo, lori lao, nikasikia haya. Mutu anafukuzwa, anabeba mulango. Batu batasema nini.”

Mtawa alipiga simu Dilolo. Simu ilikatika mara tatu, ikashika mara ya nne. Tulisikia mtu akiitwa, kelele za uani, na baada ya muda mrefu sauti ya mwanamke, kali, isiyo na haraka. Mtawa alimpa tata simu. Ofisi nzima ilijifanya inafanya kazi.

“Ni mi,” alisema tata.

“Wewe uko wapi?”

“Kolwezi.”

“Siku zote hizi uko Kolwezi, unaikala tu?”

“Nilikuwa nangojea mashini.”

“Mashini,” alirudia. “Bamesema kesho tupande kamiyo.”

“Usipande.”

“Na kama siyo wewe? Sauti inafanana na ya mutu yoyote.”

Tata alifunika simu kwa kiganja, akatuuliza ajibu nini. Kisha akakiondoa kiganja.

“Ule mulango uko nao?”

“Niko nauikalia.”

“Upande wa chini, pale nilipigilia bati, bado inakwaruza?”

Tulisikia mbao ikisogezwa.

“Nilikuambia siku ile uitengeneze,” alisema yule mwanamke. “Miaka mbili nilikuambia. Kuja uitengeneze.”

Aliondoka alasiri hiyohiyo juu ya lori la chumvi. Hakuaga vizuri, alinikabidhi ungo, akasema mashini isiachwe.

Wiki tano baadaye nilikwenda kwenye chumba cha mtandao karibu na soko na kutuma barua kwa watu wanaotunza kiini cha mfumo endeshi tuliokuwa tukiutumia, mfumo wa bure ambao yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza marekebisho. Niliiandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

“Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kolwezi, ambako kompyuta yenye vichwa vinane inatumika kuwatafuta watu waliopotezana. Tuligundua kwamba wafanyakazi wanane wa programu moja walikwenda polepole kuliko mmoja, kwa sababu kila anayekosa ukurasa na kila anayerudisha kumbukumbu wanagombea kufuli moja la ramani. Tulijiokoa kwa kuacha kurudisha. Njia hiyo imetufaa, lakini siamini kwamba ni haki, maana inaiadhibu programu kwa kuwa na adabu.

Naomba kufuli hilo ligawanywe. Kila eneo la ramani liwe na lake, ili mfanyakazi aliyekosa ukurasa katika eneo lake asimngoje anayefuta mstari katika eneo jingine. Najua ugumu ulipo: eneo linaweza kufutwa mtu akiwa bado analitazama. Napendekeza kila eneo liwe na namba inayoongezeka kila linapobadilishwa. Anayekosa ukurasa aitazame namba mwanzoni na aitazame tena kabla ya kuupokea ukurasa. Zikitofautiana, aache alichokifanya na arudi kwenye kufuli kubwa kama zamani. Marekebisho niliyoyajaribu nimeyaambatisha. Yanahusu maeneo ya kawaida tu. Kompyuta ilizimika mara nne, na mara ya tano ilifanya kazi hadi jioni.

Huenda mtauliza haraka ni ya nini. Mwanamke wa kwanza tuliyempata kwa njia hii sasa ananakili fiche katika ofisi yetu, na amekaa karibu nami ninapoandika. Ananiambia kwamba wiki ile, Dilolo, aliitwa mara mbili kwenye lori lililotangulia la Kasai. Mara mbili alipanda, mara mbili akashuka, na dereva akamwambia kwamba Jumamosi hatamngoja tena. Anasema Jumamosi pia angeshuka, amngoje mumewe. Ameniomba nisimwambie mumewe jambo hilo, na kwa kuwa mumewe hasomi barua za aina hii, naliandika hapa.”